Nilimwambia Mama, "Saidi Yuko Njiani"

Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Nimeachika, sina mtoto, na ninaishi Walthamstow, London, katika flati ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya madaktari. Niiteni Maryam. Si jina langu, lakini kuna mtu nimeshamvunjia mengi, sitaki kumvunjia na hilo.

Mikasa mingi ninayoisoma, mtu anaeleza alivyotendwa. Alivyoachwa, alivyodanganywa, alivyosalitiwa na aliyempenda... Mimi, wasomaji wenzangu, sikutendwa. Mimi ndiye niliyetenda. Na kwa mwaka mzima na zaidi watu walinibusu mkono kwa wema ambao sikuwa nao.

Sisi ni Wapemba. Baba yetu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi na katibu wa tawi la chama chake. Katibu wa tawi tu! Hakuna kitabu kitakachomtaja. Lakini kwa ukatibu huo alifukuzwa kazi, akawekwa ndani mara mbili, na mara ya pili alitoka akikohoa damu. Tulipokwisha kumzika, mama yetu, Bi Riziki, alituweka chini mimi na mdogo wangu Saidi, akatwambia siasa imeshamlia mume, isije ikamlia na watoto.

Baada ya ghasia za uchaguzi mmoja tukakimbia, sote watatu, tukaishia London. Mimi nikaolewa hapa, nikaachwa hapa. Saidi hakukaa. Aliomba ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, ikatoka, akaenda zake Ohio. Mama alilia wiki nzima. Mimi nilibaki naye.

Saidi alianza kwa kupakia maboksi ghalani, akasoma jioni, akawa mwalimu wa hesabu. Siku moja aliinuka kwenye mkutano wa wazazi, akalalamika kwamba basi la skuli halifiki mtaa wanaokaa wageni, watoto wanatembea kwenye theluji. Watu wakampigia makofi. Mwaka ule ule wakamchagua kwenye bodi ya skuli. Akagombea udiwani, akashindwa. Akagombea tena, akabisha kila mlango wa mji ule mdogo mpaka viatu vikaisha nyayo, akashinda.

Mama aliposikia alisema tu, "Mungu amlinde." Mimi, wallahi, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Tangu siku hiyo nikapatwa na kama ugonjwa. Nikirudi kazini nafungua kompyuta nasoma habari za wanasiasa wa Ohio. Si wale wakubwa wanaojulikana dunia nzima, hapana. Wadogo! Nilijua kisa cha kinyozi aliyekaa muhula mmoja kwenye bunge la jimbo, kisha akarudi kunyoa watu kama hakujatokea kitu. Nilijua habari za mjane aliyerithi kiti cha mumewe na kukikalia miaka mingi bila hotuba moja ndefu, na za mkulima wa mahindi aliyekwenda mkutano mkuu wa chama mara tano kama mjumbe, na hakuwahi kugombea chochote maishani mwake. Niliwapenda. Niliona baba yetu angekuwa mmoja wao kama angezaliwa kwengine. Diwani wangu mwenyewe hapa Walthamstow nilikuwa simjui hata jina!

Basi mwaka ule, mwanzoni mwa machipuko, Saidi akanipigia simu sauti ikimtetemeka. Chama chake kilikuwa kimempitisha kugombea ubunge wa jimbo, uchaguzi wa Novemba. Na juu ya hilo, wilaya yake ilikuwa imemchagua kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa taifa, ule wa mwezi wa nane, ambapo wajumbe wa majimbo yote hukusanyika kumpitisha rasmi mgombea urais wa chama. Wajumbe wale wengi wao ni watu wa kawaida, walimu, mafundi, wenye maduka. Wanavaa kofia za vituko na kupunga vibao. Lakini mimi niliona kitu kimoja tu: mtoto wa katibu wa tawi wa Pemba, ndani ya ukumbi ule!

Nilimwambia kila mtu. Kazini nilimwambia mpaka mtu wa kuleta barua. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wa Kizanzibari nikawa siitwi tena Maryam. Naitwa dada yake Mheshimiwa. Nani kati yenu asiyependa kuitwa jina zuri?

Wiki tatu baadaye mama akaanza kukataa chakula.

Mimi nakaa kwenye meza ya mapokezi, nafungua barua za hospitali kila siku. Barua ya mama ilipokuja niliisoma nikiwa nimesimama, na kabla ya kufika mwisho nilishaelewa. Saratani ya kongosho, imeshatapakaa. Daktari alisema miezi, labda mitatu, labda minne, na kwamba atatuletea wauguzi wa nyumbani ili asiumie. Alinishauri niwaite watoto wake wengine. Nilimjibu kwamba yuko mmoja tu.

Mama hakuuliza mengi. Aliuliza swali moja: "Saidi anakuja lini?"

Nikamwambia, "Karibu, mama. Anapanga."

Sikuwa nimemwambia Saidi.

Nilijidanganya kwamba nasubiri wakati mzuri. Alikuwa kwenye kampeni, anabisha milango kila jioni baada ya kusomesha. Nilifikiri, nikimwambia ataacha kila kitu aje akae kitandani kwa mama, na nafasi kama ile haiji mara mbili. Nikasema ngoja kwanza apitishe mkutano wa mwezi wa Mei. Ukapita. Nikasema ngoja amalize mdahalo... Ukapita.

Mnajua Kiswahili chetu kina ukatili wake. Mgonjwa hata akiwa mahututi, ukimuuliza "Hujambo?" atajibu "Sijambo." Ndiyo adabu. Ugonjwa wenyewe huja baadaye, kwenye maneno ya pili na ya tatu. Saidi alikuwa akipiga simu ya picha kila Jumapili. Mimi nikimpa mama dawa mapema, nikimkalisha kwa mito, nikimtanda kanga mpya, nikimnong'oneza asimtie mtoto wasiwasi kwa sababu ana kazi nzito. Saidi akiuliza hujambo, mama akijibu sijambo mwanangu. Hapo hapo nikiichukua simu. Maneno ya pili na ya tatu hayakufika Ohio.

"Mama mbona amepungua?" aliniuliza siku moja.

Nikamwambia umri, na kwamba hapendi chakula cha hapa. Akacheka kidogo, akasema hilo analijua.

Mwezi wa saba akaacha kucheka. Alinipigia kazini, mchana, watu wamejaa mbele ya kioo changu. Aliniambia amemuota baba mara mbili. Akasema, "Dada, niambie kweli. Wewe ndiye macho yangu huko. Kama mama anaumwa, naacha kila kitu nakuja kesho."

Nitayakumbuka maneno hayo mpaka nitiwe kaburini. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja anagonga kioo, anataka miadi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Moja!

Nikasema, "Usije, Saidi. Mama hajambo. Nenda kwenye mkutano wako, umpe raha."

Akashusha pumzi. Nilimsikia. Alitaka kuniamini, na nani angemlaumu? Mimi ndimi niliyemfunga viatu akiwa mdogo.

Sasa mtaniuliza, kwa nini? Watu wengi nimewaambia ni kwa ajili ya mafanikio yake. Ni uongo, au ni nusu ya kweli. Nusu ya pili sikuwahi kuitoa mdomoni mpaka juzi juzi.

Mimi ndiye niliyemuogesha mama. Mimi ndiye niliyefua mashuka yake, niliyemkata kucha, niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa naye, mume wangu aliniacha akidai nimeolewa na mama yangu. Na mama alipoanza kudhoofika, jina alilokuwa akiliita lilikuwa Saidi. Asubuhi Saidi, mchana Saidi. Siku moja nilikuwa namlisha uji, kijiko kwa kijiko, akanishika mkono. Nikainama nikidhani leo atanishukuru. Akaniuliza, "Saidi kala?"

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi. Nikasema moyoni mwangu: aje hapa dakika za mwisho na suti yake, ashikwe mkono, abarikiwe, na mimi niwe nani? Mtumishi? Naam, wasomaji wenzangu. Nilimwonea wivu mtoto kwa mama yake anayekufa. Ndilo hilo.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane mama alikuwa hawezi tena kukaa. Simu za picha nikazikata, nikamwambia Saidi kamera imeharibika. Kila asubuhi mama akiuliza, namjibu, "Yuko njiani, mama. Saidi yuko njiani." Akitabasamu, anafumba macho, anasubiri.

Alikuwapo rafiki yake mmoja, Bi Mize, anayekaa Edmonton, hapa hapa London, mzee mwenzake wa kutoka Wete. Alikuwa akija kila Ijumaa kwa basi kumsomea Yasini. Ijumaa moja mama akamwambia Bi Mize anataka kumtumia mwanawe sauti. Bi Mize akaniita, nikashika simu mbele ya mdomo wa mama, nikarikodi. Hakusema mengi. Pumzi hazikumtosha.

Alisema, "Saidi, mwanangu. Mie mama'ko. Sitaki kitu. Nataka mkono wako tu. Njoo."

Bi Mize akajifuta machozi. Nikamwambia ujumbe nimeshautuma. Alipoondoka niliingia chooni, nikausikiliza mara moja tu, nikaufuta. Niliogopa kwamba ukibaki kwenye simu, iko siku mkono wangu utautuma wenyewe.

Mama alikufa Jumanne, saa nane mchana, siku ya pili ya mkutano mkuu. Nilikuwa naye peke yangu. Kichwa kilikuwa kimegeukia mlangoni.

Kwao Marekani ilikuwa bado asubuhi. Wajumbe wa Ohio walikuwa wanastaftahi pamoja kabla ya kwenda ukumbini, Saidi alikuwa amenitumia picha yao. Dakika chache baada ya mimi kumfumba mama macho, simu ikalia ujumbe. Saidi alikuwa anauliza, mama vipi leo?

Nikajibu, "Anapumzika."

Nilijiambia akishapiga kura yake mkutanoni jioni ile, nitamwambia. Akapiga. Asubuhi yake nikajiambia ngoja wamwite kwenye redio ya kwao... Hivyo hivyo. Uongo ni kama deki ya maji machafu, kila unapopangusa unazidi kutandaza.

Lakini msiba wa Kizanzibari haufichiki. Msikiti ulitoa tanzia Jumatano mchana, ikaingia kwenye magrupu ya simu, na kabla ya alasiri ilikuwa imefika Toronto, Muscat na Dar es Salaam. Saidi aliletewa pole na mtu asiyemjua. Alikuwa kwenye korido ya ukumbi wa mkutano, kitambulisho cha ujumbe shingoni. Akanipigia.

Nikamwambia, "Ilikuwa ghafla."

Hakunigombeza. Alilia kama mtoto, akasema anakwenda uwanja wa ndege sasa hivi, atafika London kesho saa saba mchana. Akaniomba kitu kimoja tu. Mazishi yalikuwa yamepangwa Alhamisi baada ya adhuhuri. Niwaombe wasogeze mpaka alasiri. Saa chache tu, amuone mama uso.

Nikamwambia nitawaomba.

Asubuhi ya Alhamisi, baada ya mimi na Bi Mize na mama mwengine kumuosha mama na kumvisha sanda, imamu alinijia mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, kijana wa Mombasa. Aliniuliza kama iko haja ya kungoja, kwa sababu amesikia kuna mtoto wa kiume. Kama mtoto yuko njiani, alisema, tunaweza kuswali alasiri, hakuna tatizo.

Yuko njiani! Maneno yale niliyomwambia mama kila siku yakiwa uongo, siku ile yalikuwa kweli. Saidi alikuwa angani. Na mimi niliogopa. Nilifikiri akifika maiti bado ipo, nyumba imejaa watu, Bi Mize yupo, wauguzi wanakuja kutoa pole... kila kitu kitajulikana juu ya jeneza.

Nikasema, "Hapana, shekhe. Mama aliusia asicheleweshwe."

Mama hakuusia chochote cha namna hiyo. Wakamzika adhuhuri.

Saidi alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi makaburini. Wanaume waliokuwapo walinihadithia. Alikuta wamebaki watu wawili na udongo mbichi. Alikuwa bado amevaa shati la wajumbe, lenye jina la jimbo mgongoni. Alipiga magoti hapo mpaka walinzi wakaja kufunga lango.

Siku ya pili, Ijumaa, tulisoma khitma nyumbani kwangu. Wanaume walikuwa sebuleni, wanawake chumbani kwa mama. Ilipokwisha, Saidi akaingia chumbani kuwapa wazee mkono. Bi Mize hakumpa wake.

"Miezi mitatu mama'ko anakuita," alimwambia, mbele ya chumba kizima. "Miezi mitatu anageuza shingo mlangoni. Hata sauti alikurikodia, mie nikiwapo, akakwambia njoo. Hukuja. Leo umekuja kula hitima?"

Saidi alinitazama. Aliona uso wangu, na nilimuona akielewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi. Hapendi chakula cha hapa. Kamera iliyoharibika. Anapumzika...

Neno moja tu lingemwokoa. "Sikuambiwa." Wanawake wote wale wangemgeukia mwenye makosa. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akapiga magoti mbele ya Bi Mize.

"Nimekosa, bibi. Nisameheni," alisema.

Watu walipoondoka tulibaki wawili jikoni. Nilikuwa naosha vikombe, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Hakupiga kelele. Ningelipenda apige.

"Mama alikufa akidhani nimekataa kuja?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, nilimwambia kila siku kwamba yuko njiani.

Kisha akasema polepole, "Basi alikufa akinisubiri."

Akaniuliza iko wapi ile sauti. Nikamwambia nimeifuta. Akakamata ukingo wa meza.

"Alisema nini?"

Nikamwambia maneno ya mama, moja moja. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, na safari hii akafumba macho, na nikajua anajaribu kuisikia sauti ya mama ndani ya sauti yangu, na haikuwamo. Alifumbua macho, akachukua koti lake, akatoka. Alilala hotelini, na asubuhi yake akarudi Marekani. Hakuniaga.

Ningeweza kumalizia hapo, lakini shari haikuishia hapo.

Wakati mama amelazwa kitandani hajaoshwa, Jumanne ile jioni ya kwao, kituo kimoja cha televisheni cha Ohio kilikuwa kimemrikodi Saidi ukumbini. Amevaa kofia kubwa ya kuchekesha, anacheza na wajumbe wenzake, anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana. Mtu akaipata ile video, akaiweka pembeni ya tanzia ya mama, tarehe kwa tarehe. Ikazunguka dunia nzima ya Waswahili. "Mama maiti, mwana anacheza." Nililetewa mara kumi na zaidi kwa siku moja, na kila aliyeniletea alinipa pole kwa kuwa na ndugu kama yule.

Ohio nako kuna Waswahili, wengi wao ndio waliokuwa wakibisha milango pamoja naye. Walianza kumkwepa. Mpiga kura wa kawaida wa pale hajui Kiswahili wala khitma, lakini aliona mgombea wake ameacha kuja mikutanoni. Saidi aliacha kampeni bila kujitoa. Kila siku nilikuwa nasubiri aseme ukweli ajisafishe. Hakusema. Nafikiri alinisitiri kwa ajili ya mama, ili mtoto wa Bi Riziki asiaibike, hata kama mtoto mwengine ataaibika badala yake.

Na mimi? Nilinyamaza. Nilikunywa chai za watu. Nilikubali kuitwa binti mwema, mfano wa kuigwa.

Novemba alishindwa. Niliona matokeo kwenye kompyuta yangu: jina la baba yetu, limeandikwa vibaya kidogo, na chini yake jina la aliyeshinda. Miezi michache baadaye akajiuzulu na udiwani. Mkewe akaniandikia ujumbe mfupi kwamba Saidi hasomeshi tena, hatoki nyumbani, na niache kumpigia.

Mwaka uliofuata kikundi chetu cha akina mama kiliandaa hafla. Wakataka nizungumze juu ya kuwatunza wazazi. Wakanipangia kiti cha mbele na maua. Bi Mize alikaa karibu yangu, ananipapasa goti. Nilisimama na karatasi yangu, nikasoma mistari miwili, nikashindwa. Nikawaambia yote. Ile barua ya hospitali, ile simu ya kazini, ile sauti, imamu. Na uji, na wivu wangu wa kwenye ngazi. Nilisema mpaka nikaishiwa.

Hakuna aliyenizomea. Bi Mize aliinuka, akachukua mkoba wake, akasema, "Na mie nilimkatalia mkono yule mtoto," akatoka nje. Sijamuona tena mpaka leo. Nilimfuata Edmonton mara tatu, hafungui. Wengine nikikutana nao sokoni, wanayatazama malimau.

Mtu alikuwa amenirikodi, na maneno yangu yakatembea kama ile video ilivyotembea. Nilifurahi! Nilidhani sasa Saidi amesafishika, sasa atanirudia. Nilisubiri wiki sita. Siku moja simu ikalia, nikaona jina lake.

Aliandika, "Umechelewa, dada."

Basi. Tangu hapo hajaandika. Mimi namuandikia kila Ijumaa. Naona anasoma. Hajibu.

Ukinihitaji utanikuta kwenye meza ya mapokezi, nyuma ya kioo, nafungua barua za wagonjwa wa watu. Jioni narudi flatini. Chumba cha mama kiko wazi, sikipangishi wala sikifungi. Madaktari wa kazini kwangu wameniambia niende nikazungumze na mtaalamu. Nimekwenda. Ananisikiliza vizuri, lakini si yeye niliyemkosea.

Wewe uliyebaki na mzazi London, au Leeds, au popote, huku ndugu zako wametawanyika duniani, nakuomba. Usijifanye mlango wa mama yako. Usichague nani asikie na nani asisikie, hata kama ni wewe unayefua mashuka. Ukiona uchungu kwamba anaitwa mwengine na wewe huonekani, mwambie mtu, lia, gombana, lakini usiufanye uchungu huo kuwa hukumu ya ndugu yako. Na wewe uliye mbali, mwenye vikao na kampeni na safari zako, usiridhike na sijambo moja. Ngojea maneno ya pili. Ngojea ya tatu. Ukiambiwa usije, njoo.

Nami mniombee. Si kwamba Saidi anisamehe, hilo nimeacha kulitegemea. Niombeeni usingizi tu, nisisikie tena mama akiuliza kama Saidi kala.